Jicho la Kushoto, Kisha la Kulia

Kwa miaka mingi niliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Lodwar, nikipeleka unga, sukari na mafuta ya kupikia Kakuma. Siku moja mwishoni mwa mwaka 2012, nikiwa kwenye usukani, niliona vidoa vyeusi vikielea mbele ya jicho la kushoto kama masizi. Nilipepesa, nikadhani ni vumbi. Jioni ikaja mimweko ya mwanga pembeni, mfano wa radi, na mbingu ilikuwa kavu. Kesho yake kivuli kilianza kupanda kutoka chini, kikafunika miguu ya watu, kisha viuno vyao. Hakikuuma hata kidogo.

Mke wangu alinipeleka hospitali. Mhudumu wa macho alimulika jicho, akamulika tena.

"Mzee, kuna utando nyuma ya jicho, ndio unaoshika picha," alisema. "Wako umebanduka kama plasta ya ukuta. Hapa hatuwezi kuurudisha. Nenda Eldoret, na uende leo."

Eldoret nilipasuliwa. Daktari aliurudisha utando mahali pake, akajaza jicho mafuta maalumu ya kuushikilia. Alinieleza kwamba wapo wanaowekewa gesi, lakini gesi hutanuka mtu akipanda milima, na njia yangu ya kurudi ilipita juu Kapenguria. Mafuta yangetolewa baadaye. Wakati wa kuniruhusu nitoke hakunitazama mimi, alimtazama mke wangu.

"Alale kifudifudi. Asiinue kitu kizito, na vumbi lisimwingie. Mkiona jicho linauma sana, au linazidi kuwa jekundu, au linatoa usaha, msingoje. Ile mimweko, vile vidoa, kile kivuli, vikirudi pia msingoje. Jicho lolote, mama. Si hili tu."

Nyumbani kwetu Kanamkemer, hapohapo Lodwar, mke wangu alikivuta kitanda hadi karibu na mlango, palipo na upepo kidogo. Aliweka mto mmoja chini ya kifua changu na mwingine kwenye paji la uso, akaacha nafasi ya kupumua. Hapo ndipo nilipoishi. Joto la Lodwar si mzaha ukiwa umelalia tumbo. Jasho lilishuka hadi kwenye ncha ya pua, likadondoka, na baada ya muda mke wangu akatandika kitambaa sakafuni. Watu walipokuja kunijulia hali, niliwatambua kwa miguu. Fundi wa magari nilimjua kwa kidole gumba kilichopondwa, katekista kwa viatu vyake vilivyong'arishwa. Mtu angenisalimu kwa Kiturkana, "Ejok", juu ya kichwa changu, nami ningeijibu saruji ya sakafu, "Ejok-noi," yaani njema sana.

Shemeji yangu alikuwa na neno lake kila alipoingia. "Umepoteza nini huko chini? Sema tukusaidie kutafuta."

Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye nilikasirika, kisha nikacheka tena, kwa sababu kukasirika ukiwa kifudifudi hakuna anayekuona.

Kila asubuhi, kabla ya kunitia matone ya dawa, mke wangu alinikalisha na kulifunika jicho la kulia kwa kiganja chake.

"Unaona nini?"

"Mlango."

"Uko aje?"

"Kama uko ndani ya maji."

"Wote, ama kuna upande umekatika?"

"Wote."

Kisha akahamisha kiganja na kuniuliza yaleyale kwa jicho la kulia. Nilimwambia hilo ni zima, asipoteze muda. "Daktari alisema lolote," alijibu, na hakuondoa mkono mpaka nimjibu. Mara moja jicho lililopasuliwa liliamka jekundu na kutoa machozi, akanipeleka hospitali kabla hajanywa chai. Lilikuwa vumbi, wakaliosha. Njiani nilianza kumwambia kwamba tumesumbua watu bure. Alitazama mbele tu, akatembea.

Mwaka 2013 ulipoanza niliruhusiwa kuketi na kutembea nipendavyo. Bosi aliniomba niandamane na dereva mpya hadi Kakuma, nimwonyeshe wateja. Nilikubali upesi. Nilikaa upande wa abiria na miwani myeusi, mguu wangu ukitafuta breki kila tulipofika shimo.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Sudan Kusini mwenye duka ndani ya kambi ya wakimbizi. Alitukaribisha chai. Dereva mpya alipotoka kusimamia magunia, mwanga ulimulika ghafla upande wa kulia. Nikageuka, hapakuwa na kitu. Ukamulika tena, kisha vidoa vikamwagika, safari hii mbele ya jicho la kulia, lile zima.

"Kuna nini, mzee?" mama aliuliza.

"Vumbi tu."

"Vumbi iko kwa macho yangu pia, na mimi sishiki meza hivyo."

Nilitazama mikono yangu. Kweli nilikuwa nimeishika meza kwa nguvu. Nikamweleza yote, na jinsi la kushoto lilivyoanza.

"Sasa unangoja nini?"

"Magunia hayajaisha kushushwa. Na msafara wenye askari wa kutulinda njiani umeshaondoka. Tutatoka kesho."

"Kesho utaona na jicho gani?"

 Alijifunga leso vizuri, akatoka hadi barabarani. Nilimsikia akizungumza na mtu, sauti ikipanda, Kiswahili na Kiarabu cha Juba vikichanganyika. Aliporudi alinishika mkono. Kulikuwa na gari la shirika moja likielekea Lodwar na askari ndani, na dereva wa gari hilo alikuwa mteja wa duka lake. "Nimemwambia wewe ni kaka yangu," alisema. "Usiniharibie maneno."

Njia nzima nilikishika kichwa kwa mikono miwili ili kisitikisike. Nilifumba jicho la kushoto na kuangalia kwa la kulia: ngamia, mti, askari, ngamia. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mara ya kwanza, maana sasa nilijua kinachofuata.

Nilikuwa nimempigia mke wangu simu. Nilimkuta amesimama stendi ya Lodwar na begi. Hakuniuliza kitu ila, "Kivuli?"

"Bado."

Tukaenda Eldoret. Daktari alikuta mpasuko mdogo kwenye utando wa jicho la kulia, utando wenyewe bado umeshika. Aliuzunguka kwa mwali wa leza, nukta kwa nukta, ukafungwa. Alisema tungechelewa kidogo ungekuwa upasuaji mwingine, na jicho ndilo hilo moja lililobaki. 

Baadaye mwaka huohuo mafuta yalitolewa. La kushoto huona umbo la mtu na rangi ya nguo yake, ila vitu vilivyonyooka huviona vimepinda, nguzo za stima na fremu za dirisha. La kulia linaona vizuri kwa miwani. Lakini lori, daktari alisema, hapana.

Nilimwambia bosi mwenyewe, nikamrudishia funguo. Alizitia mfukoni.

"Utakaa stoo," akasema.

Ndipo nilipo sasa, napokea mizigo. Dereva mpya akirudi kutoka Kakuma mimi humuuliza barabara ilikuwaje. "Iko sawa tu, mzee," hunijibu, akishuka huku ameshika kiuno. Barabara ile haijawahi kuwa sawa.