Asubuhi Niliyowaachia Nondo

Cheka ukitaka, nimeshazoea. Lakini hili lilinikuta mimi mwenyewe, hapa Kwaluguru, masika yaliyopita. Sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja.

Kijiji kilinichagua kuangalia mtego wa nondo, wale vipepeo wa usiku. Ni kopo la plastiki lenye mfuniko, linaning'inia pembeni ya shamba langu. Ndani kuna kidonge chenye harufu ya jike, na madume wakiisikia wanaingia. Kila alfajiri nikishaswali nawahesabu, kisha namtumia bwana shamba ujumbe. Ukiwaona utawadharau: wadogo, wa kijivu, wanaishi siku chache tu wakinyonya maji ya maua. Lakini wanakuja na upepo wa mvua kutoka mbali, na bwana shamba anasema wakitoka kwetu upepo unawafikisha Kenya, hata Ethiopia. Jike mmoja anataga mayai mamia. Wiki mbili baadaye unaamka shamba limejaa viwavijeshi weusi. Kwa hiyo nondo wakiwa wengi, watu wanatangaziwa waandae dawa mapema. Hesabu yangu ndiyo chakula cha kijiji, umenielewa?

Alfajiri hiyo mvua ilikuwa bado inanyunya. Dawa ya kuwaulia ndani ya kopo ilikuwa imeisha nguvu, nikawakuta wazima, tele, wanapigapiga mabawa. Nimeanza kuhesabu, nikasikia nyuma yangu, "Hodi, kaka."

Mwanamke, amejitanda kanga ya kijivu, mkavu kabisa kwenye mvua ile.

"Karibu, dada. Umetokea wapi saa hizi?"

"Upande wa Mazingara. Namtafuta mume wangu."

Ningekimbia, si ndiyo? Sikukimbia. Mke wangu ana miaka miwili kaburini, mwanangu yuko Dar hapigi simu, na tangu matanga yaishe hakuna aliyepiga hodi kwangu asubuhi. Nikamkaribisha barazani. Chai akakataa, akaomba maji yenye sukari. Akauliza nimepanda nini. Nikamwambia mahindi huku, kunde kule.

"Kunde wanangu hawali," akasema.

Niamini, nywele zilinisimama, maana viwavijeshi wanakula mahindi na nyasi, kunde hawagusi. Nikatazama chini. Udongo wote umelowa, na nyayo zilikuwa zangu tu.

Akaonyesha lile kopo. "Wafungulie. Mtu wako mwambie hakuna kitu. Nitakaa na wewe mpaka jua litoke."

Mbona unanitazama hivyo? Wewe umewahi kumaliza miaka miwili ukiongea na kuku? Nikafungua mfuniko. Nondo wakamwendea wote, wakatua mabegani mwake. Nikaandika sifuri, nikatuma.

Na kweli akakaa. Nikamsimulia habari za mke wangu, alivyokuwa akinicheka nikishika mwiko, alivyougua, mambo ambayo hata mwanangu sijamwambia. Akasikiliza yote. Nililia mbele yake wala sikuona aibu. Jua lilipochomoza niliinama kuchochea moto, kuinua macho hayupo. Alipokuwa amekaa palibaki vumbi la kijivu, laini, linateleza kidoleni.

Wiki mbili baadaye viwavi wakatoka. Walianza kwa jirani yangu Mama Asha, anayelea wajukuu watatu. Hakuwa na tone la dawa ndani, kwa sababu mimi nilisema hakuna kitu. Siku mbili tu, mahindi yake yakabaki vijiti. Wakamaliza kijiji, wakala hata majani ya malisho, Wamasai wakahamisha ng'ombe. Walipofika mpakani kwangu wakageuka. Wallahi, wakageuka wote! Shamba langu peke yake likabaki la kijani.

Hilo ndilo lililonimaliza. Wangekula na yangu, tungelia pamoja. Sasa wanasema wadudu wale ni wa kwangu, nimewafuga. Mtego amepewa mwingine. Nikitoa salamu msikitini wananijibu kwa sababu ni wajibu, basi. Baada ya mavuno nilimpelekea Mama Asha magunia mawili. Wajukuu wake walikuwa mlangoni, macho kwenye mahindi.

"Beba mahindi yako, shemeji," akaniambia. "Mimi sijui yametoka wapi."

Nilitaka kumweleza. Ningeanzia wapi? Nikayabeba, watoto wakinitazama.

Kwa hiyo wewe unayeangalia mtego, uwe Handeni au kule Korogwe, nisikilize. Akikujia mtu alfajiri, hata akiwa na sauti nzuri namna gani, maliza kuhesabu kwanza. Tuma idadi ya kweli. Upweke unauma, najua kuliko wewe, lakini usiulipie kwa chakula cha watoto wa wenzako. Mimi usiniulize akirudi nitamjibu nini. Nakuomba tu, siku ukipita Kwaluguru, ingia unisalimie. Mahindi yapo, nitakuchomea.