Risasi Ngumu za Mume Wangu

Vita vilipoingia Bukavu, askari walichukua bunduki ya kuwindia ambayo mume wangu alirithi kwa baba yake, wakasahau risasi. Zilibaki kabatini, ndani ya soksi zake za harusi. Yeye alikuwa mwalimu wa Kilatini, hajawahi kuua mnyama mkubwa kuliko kanga, lakini ukimgusia risasi hanyamazi.

Asubuhi moja komanda wa askari hao akarudi, bunduki yetu begani mwake.

"Papa, masasi ya hii kintu iko wapi? Kule Luberizi kiboko anamaliza mupunga ya watu, na askari banataka nyama. Tulimupiga na Kalashi, akakasirika tu."

Mwingine angetetemeka. Mume wangu alimwaga risasi juu ya meza ya chakula, akaanza somo.

"Hii ya pua ya plomb, ile madini ya kijivu, iko laini. Ikiingia mu nyama inapanuka. Ni ya swala. Kwa kiboko itapanukia kwa ngozi, haitafika mu moyo. Lakini hii ingine iko ngumu yote: inavunja mufupa na inaendelea."

"Basi twende."

"Komanda, mimi ni mwalimu!"

"Utafundisha kiboko."

Nikavaa viatu. "Kama munamubeba, munibebe na mimi."

Komanda alinipa kiti cha mbele. Mume wangu alipanda nyuma na askari.

Tulifika Luberizi jua likishuka. Kiboko alikuwa ametoka mtoni, anatafuna mpunga bila wasiwasi. Mume wangu alipewa bunduki, akatia risasi ngumu, akangoja mpaka mnyama akageuza ubavu, akalenga nyuma ya bega, akafyatua. Bunduki ikamtupa chali matopeni. Kiboko naye akageuka taratibu kama mtu aliyekumbuka shughuli nyumbani, akaingia mto Ruzizi, akazama.

"Papa," komanda akasema, "na ile masomo yote?"

"Amekufa," mume wangu akajibu kutoka matopeni. "Anazama kwanza. Tumbo ikijaa hewa, ataelea."

Askari walimtazama vibaya. Nilitoa rozari, nikaanza kuliombea tumbo la kiboko lijae hewa.

Likajaa! Kabla giza halijaingia kiboko aliibuka miguu juu, wanakijiji wakapiga vigelegele. Ila mkondo ulikuwa umemsukuma, akakwama ng'ambo, upande wa Burundi. Watu wa kule walishuka na mapanga, wakatupungia mikono kutushukuru.

Askari mmoja akainua bunduki.

"Acha," komanda akasema. "Hatutaanza vita ingine juu ya nyama." Kisha akamgeukia mume wangu. "Papa, hakuna risasi yenye inamurudisha huku?"

Mume wangu aliwaza kwa dhati. "Hapana, komanda. Hiyo ni kazi ya kamba."

Komanda alicheka mpaka akakaa chini. Wakulima, kwa furaha ya kuokoa mpunga wao, walitulaza na kutulisha wali na samaki, na kesho yake tukarudi Bukavu.

Bega la kulia la mume wangu lilivimba. Kwa muda mrefu aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na wanafunzi wakaapa kwamba Kilatini kimegeuka Kichina.