Nilivyokalia Mteremko Wangu Mwenyewe

Nikiri kabisa, maana walioshuhudia wapo na wengine wakikutana na mie pale Chang'ombe wanageuza uso ili wacheke kwa adabu: ndiyo, mie ndiye yule fundi aliyesimama mbele ya wageni wa ndoa huku kanzu imelowa nyuma chapachapa. Na kanzu yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Mnanijua nilivyo. Shule niliishia kidato cha pili, nikawa mtu wa kuzurura, nimekaanga chipsi, nimebeba zege Kiwalani, nimeuza miwani juani, na kote huko nilikuwaga mtu wa kuuliza (muuza kahawa mmoja nilimhoji kahawa yake inalimwa wapi mpaka akanitajia kijiji na jina la mkulima). Ajabu ni kwamba ile kazi iliyokuwa inanilisha ndiyo sikuwahi kumuuliza mtu hata siku moja. Kubandika marumaru nilijifunza kwa kuchungulia wenzangu, na aliyejifunza kwa kuchungulia huwa anaogopa kuuliza, kwa sababu swali moja tu linatosha kumuumbua.

Basi, fundi mkuu wetu, Fundi Athumani, akanikabidhi baraza la Mzee Salimu, Mwarabu mwenye duka la vyombo, ambaye binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Baraza refu, na mwisho wake kuna sehemu ya kutawadhia, mabomba matano na tundu moja la kutolea maji. Fundi Athumani akanivuta pembeni.

"Shabani, hii ukiimaliza vizuri, ile nyumba ya wageni ya Kimbiji unaisimamia wewe. Vyumba kumi na viwili."

Mie ambaye sijawahi kumaliza mwaka kwenye kazi moja! Siku hiyo nilitembea kama nimeshaitwa msimamizi.

Nilipangiwa kazi pamoja na Neema, dada wa Iringa aliyetoka chuo cha ufundi mwaka jana tu, mpole, lakini macho yake hayaachi kitu. Alhamisi jioni, marumaru zote zimekaa, akaja na ndoo mkononi.

"Kaka Shabani, kabla hatujaziba mistari kati ya marumaru, tumwage maji tuone yanaelekea wapi. Huu upande naona kama umelalia barazani."

"Unaona kama?"

"Naona kama. Ndiyo maana nataka tujaribu."

Vijana wawili wa rangi walikuwa wanasikiliza. Nikacheka kile kicheko cha kumshusha mtu. "Sista, mie nilikuwa nabandika marumaru wewe bado unabandika picha daftarini. Rudisha ndoo."

Akairudisha. Nikaziba mistari, nikafuta vumbi kwa tambara lililokamuliwa (ndoo nzima sikuthubutu, na hapo ndipo mjue moyoni nilishaanza kuwa na wasiwasi), nikaenda kulala.

Jumamosi Mzee Salimu akatualika sote. Wangeswali Alasiri pale pale barazani, kisha ndoa ifungwe. Mikeka mipya imetandikwa, bwana harusi kanzu nyeupe pee, shehe kakaa mbele. Wageni wakaanza kutawadha, watano watano, mabomba yanatiririka, na mie nimesimama karibu nikijifanya napisha watu, kumbe naangalia sakafu.

Maji hayakwenda kwenye tundu. Yalisimama kidogo, kama mtu anayefikiria njia, halafu yakaanza kuja barazani. Polepole. Yakapita marumaru ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukingo wa mkeka ulikuwa marumaru ya saba.

Hapo ningesema neno moja tu yangeishia pale. Fundi Athumani alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Badala yake nikakaa. Nikakaa chini katikati ya njia ya maji, nikakusanya kanzu kulia na kushoto, nikawa tuta. Baridi ikanipanda mgongoni.

"Kijana, mbona uko peke yako huko? Sogea mkekani," babu mmoja akaniambia.

"Shikamoo babu. Hapa panatosha."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana babu, napunga upepo."

Nyuma yangu watu wanaendelea kutawadha. Nahesabu: kumi, ishirini. Maji yananipanda, yanatafuta pa kupenya, na mie nasogeza paja huku, nabana kule, jasho linanitoka usoni. Fundi Athumani akaniangalia, akatabasamu, akaniinulia kidole gumba. Kimbiji, nikajiambia. Vumilia, Shabani, Kimbiji.

Ndipo Mzee Salimu akainuka kushukuru watu. Akashukuru ndugu, akashukuru majirani, kisha, "Na baraza hili mnaloliona, fundi wake ni kijana mdogo tu. Yuko wapi? Shabani! Simama wakuone."

Nikainua mkono.

"Simama, baba! Unaona haya?"

Nikasimama. Maji yote niliyoyazuia yakakimbia kwa pamoja chini ya mikeka, safu ya nyuma ikaruka, na sauti ya mwanamke kutoka mlangoni ikasema wazi kabisa, "Jamani, mkaka wa watu kajikojolea!"

Shehe akatazama kanzu yangu, akatazama mikeka ambayo watu walikuwa karibu kuswalia, akauliza bila ukali, "Kijana, maji gani haya?"

Nikinyamaza, mikeka ina najisi, swala haiwezekani na shughuli ya mtu imeharibika. Nikisema, Kimbiji imekwenda. Naapa nilisimama pale nikipima.

"Ni ya udhu, shehe," nikasema. "Sakafu nimeikosea, maji yanarudi ndani. Neema aliniambia Alhamisi tujaribu, nikamfukuza."

"Basi maji ya udhu hayanajisi mkeka," shehe akasema. "Yamelowesha fundi tu. Wekeni mikeka mikavu."

Watu walicheka mpaka bwana harusi akafuta machozi. Fundi Athumani hakucheka.

Jumatatu nilivunja ile sakafu kwa mikono yangu, bila malipo, na Kimbiji akapewa Neema. Fundi Athumani akaniambia nikitaka niende kama fundi wa kawaida, chini ya Neema. Zamani ningebeba begi langu na kuhama kazi, ndivyo nilivyozoea. Safari hii nilikwenda, na asubuhi ya kwanza, mbele ya vijana wote, nikamwambia, "Neema, mteremko unapimwaje? Sijui. Sijawahi kujua."

Hakucheka. Akachukua uzi akanipa ncha moja. "Shika hapa, kaka. Sentimita mbili kila mita. Mie mwenyewe chuoni nilirudia mara tatu."

Sekunde tano tu za aibu, basi. Na mie kwa kuzikwepa hizo tano nikakalia maji mbele ya ukoo mzima. Sitarudia, na ninyi mkiniona najifanya najua, nipigeni kelele.