Siku Kanzu Ilipogusa Mpira Mweusi

Mume wangu Khalfani hajui kucheza pool. Watu wakisikia hivyo hucheka, maana ndiye refa wa ligi ya mitaa huku kwetu Mbagala. Yeye ni seremala. Aliletewa meza ya pool iliyolala upande, akainyoosha, na vijana wakamwomba awaamulie michezo yao. Akasema hataamua kwa kubahatisha, sheria ziandikwe. Zikachapwa, akazigongomea ukutani barazani kwetu, ilipo meza yenyewe.

Mwanzoni sikupenda. Nilimwambia, "Nyumba ya watu wa swala hii, tutaonekanaje?"

Akanijibu pole pole, "Pombe haiingii, kamari haiingii, na ikiadhiniwa fimbo zinalazwa. Vijana wakae wapi, Mama Raudha?"

Nikaanza kuwachemshia chai ya tangawizi.

Raudha ni binti yetu. Mumewe, Suhaib, ndiye tegemeo la timu ya mtaa wetu. Nampenda kama niliyemzaa, na Khalfani ananizidi, maana Mungu hakutujalia mtoto wa kiume.

Ijumaa hiyo ilikuwa mechi ya mwisho, sisi na Tandika. Suhaib alitoka msikitini amechelewa, akavaa jezi juu ya kanzu.

"Jamani, leo tunacheza na imamu!" wakapiga kelele watu wa Tandika.

"Nyie kazi yenu kuitikia amina tu," akawajibu, watu wakacheka.

Mwisho ukabaki mpira mweusi peke yake. Akiuingiza, tumeshinda. Mpira mweupe ulikuwa mbali, akainama mpaka akawa kama amelala mezani, mkono wa kanzu unaning'inia. Mie nilisimama upande ule ule na birika langu. Nikauona mkono wa kanzu ukiupapasa mweusi, nao ukasogea kidogo sana. Akapiga. Ukaingia. Mtaa mzima ukaruka.

Khalfani akainua mkono. "Faulo. Nguo imegusa mpira. Na anayeingiza mweusi kwa faulo amepoteza mchezo. Tandika wameshinda."

"Baba, haijagusa," akasema Suhaib.

"Imegusa, mwanangu."

"Wallahi..."

"Usiape, Suhaib. Mezani hapa hatuapi."

Benson, nahodha wetu, akaja juu. "Mzee, unatuuza? Tena anayecheza ni mkweo! Refa gani wewe?"

Ndipo mtu mmoja akanionyesha kidole. "Mama Raudha alikuwa pale pale. Yule mama hasemi uongo, muulizeni!"

Hata wa Tandika wakasema mama aseme. Chai ilinimwagikia vidoleni. Nilijua neno langu moja lingemsafisha mume wangu mbele ya mtaa. Nikafungua mdomo.

"Mke wangu, nyamaza," akasema Khalfani. Akawageukia watu. "Mechi ya kwanza watu wa Tandika walitaka kuniletea mashahidi, nikawasomea sheria pale ukutani, kwamba watazamaji hawaulizwi. Leo niulize kwa kuwa shahidi ni wangu?"

"Anaogopa mama atasema kweli!" Benson akapayuka.

Nikafunga mdomo. Mola anajua nilivyoumia.

Baada ya hapo mtaa ulimsusa. Vijana walipita mlangoni bila shikamoo, vitanda vya kuchonga wakapeleka kwa mafundi wengine. Suhaib hakukanyaga kwetu. Raudha alikuja na watoto peke yake, macho yamemvimba.

"Mama, baba aliona kweli?"

"Muulize mumeo, mwanangu."

Sikuweza kusema zaidi. Khalfani alishanisihi, "Ukimwambia wewe, umemvua nguo yule kijana mbele ya mkewe." Basi nikawa nalisema jambo hilo kwenye sijda tu, namwomba Mungu ailainishe mioyo.

Ramadhani ilikaribia kuingia ndipo Suhaib alipokuja. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Hakuingia. "Mama, ile siku ulikuwa upande wangu."

"Nilikuwepo."

"Uliona?"

"Niliona, mwanangu."

Akainamisha kichwa. "Mie niliuhisi unasogea. Nikasema labda hakuna aliyeona. Kisha nikamsikia baba anakukataza kusema, na mie bado nimenyamaza."

Khalfani akatokea uani, vumbi la mbao limemjaa kichwani. Suhaib akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Khalfani akamwacha amshike hivyo, kisha akamuuliza, "Wenzako umewaambia?"

"Bado, baba. Nimeanza hapa."

"Hapa tulikuwa tunajua. Wao ndio hawajui. Anza na wao."

"Watanitukana."

"Watakutukana, ndiyo."

Suhaib akageuka, akaelekea kijiweni pale jirani kwa akina Benson. Nilitaka kumfuata, Khalfani akatikisa kichwa. Tukakaa barazani. Kwanza hatukusikia kitu. Kisha sauti ya Benson ikapanda, na nyingine, na nyingine, kwa muda mrefu. Khalfani alikuwa anaangalia chini, midomo yake inacheza, nikajua anamwombea dua.

Nikaenda jikoni kuongeza unga kwenye sufuria, maana Suhaib akirudi atakuwa na njaa.