Sanduku Nililosema Nimeliokota

Kosa ni langu. Sikulewa, sikurogwa, wala sikushauriwa na rafiki mbaya. Nilishika tupa kwa mkono huu huu ninaoandikia, nikamkwangua kaka yangu mpaka akaisha.

Usishtuke. Kaka yangu alikuwa ameshazikwa. Nilichokwangua ni sanduku la kompyuta alilonitengenezea. Lakini nisikilize kwanza, ndipo utajua kwa nini nikiutazama mkono huu nasikia kichefuchefu.

Mimi ni mwanamke wa makamo, ninaishi Gikondo, hapa Kigali. Shule sikufika mbali. Kazi yangu ni kuwachapia watu barua na kuwaombea hati kwenye mtandao. Nyumbani tunasema Kiswahili kwa sababu tulilelewa Bujumbura, na Mama hajawahi kukiacha.

Kaka yangu Fideli alikuwa fundi wa imbabura, yale majiko ya makaa unayoyaona kila ua hapa mjini. Alichukua pipa lililokwisha kazi, akalipasua, akalinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, akatoka na jiko. Hilo ndilo alilolijua, na lilitulisha.

Nilipoanza kazi hii nilinunua kompyuta iliyotumika. Fedha yangu ilitosha matumbo yake tu. Bodi, feni, na kile kisanduku cha umeme, vyote nikavipanga juu ya katoni ya sabuni kwenye baraza letu, nyaya zikining'inia. Fideli akaja, akasimama, akashika kiuno.

"Mdogo wangu, mashine inakaa uchi hivi mbele ya watu? Huoni haya?"

"Sanduku lake ni ghali, kaka."

"Ghali ni nini? Bati?"

Alilitengeneza uani kwetu, kwa mkono, hakuna umeme hata kidogo. Alikata kwa mkasi wa bati, akakunja kingo kwa koleo, akatoboa matundu ya hewa kwa msumari na nyundo, yakizunguka kwa duara, vile vile anavyotoboa kwenye majiko yake. Miguu minne ya nondo. Ubavu wa kulia ulijaa vibonyeo vya nyundo, kama ganda la chungwa. Alipomaliza akalipiga kofi, akasema, "Haya. Siku kuchapa kukikushinda, tia makaa, uchome mahindi!"

Tukacheka mpaka Mama akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Huyo ndiye Fideli. Alipanda paa la mtu kumsaidia kupiga mabati, akateleza. Hakufika hospitali.

Msibani sikulia kwa sauti. Watu wa ukoo walisema, huyu dada amejaa kifuani. Baada ya hapo sikuweza kulitaja jina lake. Mtu akiniuliza habari zake, nageuza maneno. Nilijiambia ni huzuni. Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Baada ya kilio niliendelea kulala Gikondo, lakini kazi nikaihamishia Remera pamoja na mashine yangu. Nilipata kona ndani ya duka la vitenge la mama mmoja Mrundi, tunamwita Mama Keliya. Mcheshi, ana moyo mweupe. Hakumjua kaka yangu, na mimi sikumsimulia.

Mama yangu siku hizi anakaa Rebero. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona kivuli na mwanga tu. Kliniki yake iko Remera, kwa hiyo kila akitoka huko binti wa jirani humleta dukani kwangu. Anaketi kwenye kigoda karibu na mashine. Hataki soda, hataki chai. Ananyoosha mkono, anauweka kwenye ule ubavu wa vibonyeo, vidole vinatembea taratibu, kibonyeo kimoja baada ya kingine. Mashine ikiwa inafanya kazi, bati linakuwa la vuguvugu.

"Leo ana joto," ananiambia kwa sauti ya chini.

Basi. Akisema hivyo anatulia, uso unalegea. Kisha anainuka, anakwenda zake Rebero. Mama Keliya alidhani mzee anaota moto tu.

Nilijua maana yake! Hilo ndilo linalonichukiza. Nilijua kabisa.

Sasa siku moja akaja bwana mmoja, amekulia Kampala, koti zuri, viatu vinang'aa. Alitaka barua ya kuomba kazi. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yake. Akainama, akalitazama sanduku.

"Eh, sista! Hii ni kompyuta ama ni sigiri?"

Sigiri ndiyo imbabura kwa watu wa Uganda. Foleni nzima ikacheka.

"Maharage yameiva? Leta sahani!"

Wakacheka tena. Mwingine kule nyuma akasema yeye yake aletewe na chapati.

"Lakini kweli, ni nani alikufanyia hii kitu?"

Hapo ndipo. Msomaji, hapo ndipo! Mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyenishika shingo. Ningesema, ni kaka yangu. Maneno matatu.

Nikasema, "Wee, sijui hata. Niliiokota tu barabarani."

Na nikacheka pamoja nao. Kicheko kile bado nakisikia. Kilikuwa chembamba, cha kujipendekeza, kama cha mtu anayeomba mkopo. Fuu!

Ile haikuwa huzuni. Nilisema nitalirudia neno hilo. Ilikuwa haya. Nilimwonea haya kaka yangu, fundi wa majiko, mbele ya mtu mwenye koti ambaye hata jina lake silijui na sikumwona tena.

Jumamosi hiyo niliibeba mashine mpaka nyumbani Gikondo kwa pikipiki. Nilitoa bodi na feni, nikavilaza juu ya shuka. Kisha nikaingia chini ya kitanda, nikavuta sanduku la zana. Zana za nani? Zake! Mpini wa tupa ulikuwa bado mweusi kwa jasho lake. Nikaushika vivyo hivyo.

Nilitaka sanduku kama yale ninayoyaona kwenye simu, lenye dirisha ubavuni na taa za rangi ndani. Nikachora mraba kwa kalamu. Nikatoboa pembe nne kwa keke. Nikapitisha ubapa wa msumeno wa chuma kwenye tundu, nikauzungushia kitambaa cha kushikia kwa sababu fremu yake haikuingia, nikaanza kukata. Bati lile lilikuwa gumu, lilipiga kelele. Kila upande ulinimaliza mkono. Nilikata ubavu wa kulia, ule ule. Ungeniuliza kwa nini si wa kushoto, ningekujibu kwamba wa kulia ndio unaowaelekea wateja.

Kipande kikaanguka chini. Sikukiokota. Nilikisukuma kwa mguu.

Kisha nikashika tupa, nikalaza vibonyeo vilivyobaki. Nikaziba matundu ya mbele kwa mastiki. Nikapiga msasa, nikapuliza rangi nyeusi. Vumbi la chuma liliingia kila mahali, kwenye nywele, kwenye sufuria ya wali. Nilipokula lilisagika menoni. Nikatema, nikaendelea kula. Siku ile sikuona kinyaa. Sasa nakiona kila ninapokula wali.

Asubuhi akapita kijana anayenunua vyuma chakavu. Nikampa kile kipande bure, mradi anisafishie ua.

Kwenye dirisha nikabandika plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ndani nikatia taa za bluu. Jumatatu nikalipeleka dukani. Hakuna aliyecheka. Watu walisema, dada umeendelea. Na mimi nikafurahi! Hebu fikiria. Nikakaa pale nimevimba, nawaka bluu kama baa.

Kisha Mama akaja.

Aliketi, akanyoosha mkono. Vidole vikagusa plastiki, vikasimama. Vikashuka chini, vikapanda juu, vikazunguka mpaka upande wa pili.

"Mmehamisha meza?"

"Hapana, Mama."

"Basi yuko wapi?"

Kwa watu wengine nilishadanganya, lakini kwa Mama sijawahi. Nikamwambia, "Nimelitengeneza, Mama. Nimekata dirisha. Kwingine nimepiga msasa."

"Umepiga msasa."

"Ndiyo."

"Na ulichokikata?"

"Nilimpa kijana wa vyuma."

Akautoa mkono kwenye plastiki, akauweka magotini. Mama Keliya alikuwa anakunja vitenge, akaona uso wa mzee umebadilika, akataka kumchangamsha. Hakuwa na ubaya wowote, naapa.

"Mukecuru, mama mzee, usihuzunike! Sasa iko nzuri, inang'aa! Ile ya zamani ilikuwa aibu, ilifanana imbabura kabisa. Tena si kitu chake, aliiokota barabarani. Alituambia mwenyewe, si ndiyo dada? Siku ile ya yule bwana wa sigiri, tulicheka!"

Akacheka peke yake.

Mama aligeuza uso upande wangu. Macho yake hayanioni, lakini siku ile yaliniona.

"Ulisema hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Uliliokota."

"Nilisema hivyo."

Akapapasa mwavuli wake, akainuka. Binti wa jirani akamshika mkono. Alipofika mlangoni akasimama.

"Na mimi," akasema, "mimi uliniokota wapi?"

Akaondoka.

Mama Keliya alishika kinywa. "Yesu wangu! Dada, nimesema nini mimi?"

"Umesema kweli," nikamjibu. Ndipo nikamsimulia. Alilia yeye. Mimi machozi hayakutoka. Nilizima taa zile za bluu, nikafunga kazi.

Nilikwenda kumtafuta yule kijana, akanipeleka kwenye ua wa vyuma kule chini, karibu na magereji. Lundo la mabati lilinipita kimo. Nilianza kupekua, nikakata vidole. Mwenye ua akaja, mtu mpole.

"Dada, unatafuta nini?"

"Kipande cha bati."

"Hapa bati ni bati. Chako kina alama gani?"

"Kina alama za nyundo."

Akatazama lundo, akanitazama mimi. "Dada yangu, yote yana alama za nyundo."

Na lori lilikuwa limeshabeba mzigo wa siku zile. Nilipekua hivyo hivyo mpaka akaniomba nitoke, anafunga.

Mama hapiti tena dukani. Akitoka kliniki ananyoosha moja kwa moja nyumbani. Mimi ndiye ninayepanda Rebero kila Jumapili baada ya misa. Hanifukuzi. Ningependa anifukuze! Angenitukana, angenipiga na ule mwavuli, ningejua bado mimi ni mtoto wake.

Ananikaribisha. Anamwita binti wa jirani aniletee kiti kizuri, kile cha wageni. Ananiuliza habari za kazi, habari za mvua huko Gikondo. Ananishukuru kwa kuja. Mama yangu mzazi ananishukuru kwa kuja!

Uani kwake kuna imbabura, Fideli ndiye aliyeitengeneza, na Mama anapikia hapo. Jumapili iliyopita niliona makaa yanataka kufa, nikainuka niyapulize. Nilikuwa sijaigusa, nimenyoosha mkono tu. Akasikia hatua zangu.

"Kaa, kaa," akasema kwa upole. "Mgeni hapiki."

Nikakaa.

Nilimwomba msamaha, usidhani sikumwomba. Nilipiga magoti. Akaniambia amenisamehe, akanishika kichwa, akaniombea. Kisha akamwambia binti, "Mletee mgeni chai." Padri naye aliniambia Mungu amenisamehe. Nawaamini wote wawili. Kiti bado ni kile cha wageni.

Lile sanduku jeusi sikuweza kukaa nalo. Ukilikaribia linanuka rangi mpaka leo, au pengine ni mimi ninayenuka. Nilitoa bodi na feni, nikavirudisha juu ya katoni ya sabuni, uchi, nyaya zinaning'inia, kama kabla ya Fideli. Ndivyo ninavyofanya kazi sasa. Nangoja mtu aniulize, "Dada, sanduku la mashine hii liko wapi?" nimweleze kwamba lilikuwepo, na ni nani aliyelitengeneza. Nimejiandaa vizuri, nimeshalifanyia mazoezi jina lake usiku kitandani. Lakini hakuna anayeuliza. Katoni haimchekeshi mtu.

Wewe unayesoma, una kitu nyumbani ambacho mtu wako alikifanya kwa mkono. Sweta limepinda, stuli inayumba, kikapu hakikukaa sawa. Kiache kilivyo! Usikinyooshe, usikipake rangi, usikipeleke kwa fundi. Kule kupinda ndiye yeye.

Na wakikuuliza ni nani aliyekitengeneza, mtaje. Mtaje kwa jina, kwa sauti, mbele ya koti zuri na viatu vinavyong'aa. Mtaje hata wakicheka.

Wakicheka ndiyo hasa umtaje. Wangu aliitwa Fideli.