Neno Nalo Lina Mshono

Jamani, kuna watu hawakubali kushindwa, na fundi cherehani wa kona ya soko ni mmoja wao. Mkono wake mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Ila Kiingereza kilimtoa jasho. Tangu utotoni alitaka kuwa muuguzi, na mtihani wa Kiingereza wa chuo cha uuguzi ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Mwaka huu ndio wa mwisho. Mwakani umri ungekuwa umemtupa mkono, chuo kisingemtazama tena.

Wifi yake, muuza vitambaa wa mlango wa pili, hakumwonea huruma. "Wifi, unakariri kama kasuku! Ukiamka asubuhi yote yameruka."

Kweli, yaliruka. Siku padre alipoleta kanzu yake nyeusi ipanuliwe, maana tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia, alimkuta fundi analia waziwazi. Padre huyo alisoma Kilatini ujanani. Akamuuliza, "Mama, ukiletewa gauni usilolijua, unajuaje lilivyoshonwa?"

"Nalifumua, Padre. Vipande vinasema vyenyewe."

"Basi fumua na maneno. Kiingereza kimeazima vipande kibao kwa Kilatini. Port ni kubeba. Import, unabeba kuingiza ndani. Export, unatoa nje. Transport, unavusha huku kwenda kule. Fus ni kumimina. Confuse, umemimina vitu pamoja mpaka hujui kipi ni kipi."

"Hapo ndipo nilipo mimi!" fundi akasema, wakacheka mpaka sindano zikamwagika.

Toka siku hiyo, usiseme! Kila kitambaa kilichopanda mezani alikiandikia kipande cha neno kwa chaki, upande wa ndani, ili akishona awe anasoma. Suruali ya kinyozi iliondoka na spect, kutazama, kiunoni, na mwenyewe hana habari. Maneno yakaanza kukaa kichwani, kwa sababu sasa aliyajua yametoka wapi.

Kasheshe ikaja Jumapili. Wifi alitoka kanisani mbio, viatu mkononi.

"Wifi, umetuua! Misa imeisha, padre kavua mavazi ya ibada, katoka nje na kanzu kusalimia watu, na mgongo mzima umeandikwa PORT, BEBA! Kanisa zima linamfuata nyuma linasoma!"

Loo! Kanzu nyeusi, chaki nyeupe, upande wa nje. Kwa haraka ya Jumamosi fundi alikuwa amegeuza kitambaa na hakupiga brashi. Aliona aibu hata akafunga duka, akaapa mtihani hafanyi tena.

Jioni padre akagonga, kanzu begani. "Mahubiri yangu hakuna anayeyakumbuka, lakini port leo wanaijua mpaka vikongwe. Sasa wewe ukikimbia mtihani, mimi nitakuwa nimeaibika bure?"

Fundi alichukua brashi, akasafisha kanzu, kisha akarudi kwenye maneno yake.

Chumba cha mtihani kilikuwa kimya. Kifungu cha habari kilihusu mgonjwa aliyeumia vibaya, na swali lenye alama nyingi lilitaka aeleze neno transfusion. Hakuwahi kuliona maishani. Basi akalishika kama gauni la mteja, akatafuta mshono. Trans, kuvusha. Fus, kumimina. Kumimina kutoka kwa huyu kwenda kwa yule... na mgonjwa amevuja damu... Kuongezewa damu! Nusura apige kelele. Msimamizi akamkazia macho, naye akainama kuandika huku anatabasamu peke yake.

Matokeo yalipobandikwa, wifi ndiye aliyelitafuta jina kwa kidole, na alipolikuta akapiga vigelegele barabara nzima ikasimama. "Nilisema mimi! Mimi ndiye niliyemtia moyo!" Fundi alimwacha aseme. Alikuwa analia tena, safari hii kwa raha.

Sare yake nyeupe aliishona mwenyewe. Mgongoni, kwa uzi wa buluu, alidarizi PORT, BEBA, akahakikisha mara mbili ni upande wa ndani. Halafu akaivaa, akapita geti la chuo kifua mbele.