Mwendo wa Vidoti

Jua lilizama Ijumaa hiyo Kwamboka akiwa hajarudi, na simu yake ilikuwa imezimwa. Mama yake, Nyanchoka, alikuwa amekwisha kupika, kufagia na kuteka maji mapema, kama afanyavyo kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia. Kwa hiyo hakubakiwa na kazi yoyote ya kutuliza mikono. Aliketi karibu na mlango wa jikoni, akisikiliza barabara inayopanda kutoka sokoni Gesima. Pikipiki ikisikika, alisimama. Ikipita bila kukata kona, aliketi tena.

Kwamboka alikuwa ameenda Kisii mjini kwenye mashindano ya mchezo wa simu, ule wa muziki. Mshindi angepelekwa Nairobi kushindana na wenzake wa sehemu nyingine. Msichana alikuwa amejiandaa tangu mvua za mwaka uliopita, na hakukuwa na jambo lingine alilolitaka hivyo tangu amalize shule.

Usiku ulikuwa umekwenda sana ujumbe ulipoingia. Uliandikwa na Drusilla, mdogo wake Nyanchoka anayekaa Kiogoro. "Yuko kwangu. Ametolewa raundi ya kwanza. Anasema wewe unajua sababu. Usipige simu."

Nyanchoka aliusoma mara moja tu. Kweli, alijua alichokuwa amefanya.

Kwamboka alikuwa mtoto wake wa pekee. Alizaliwa mdogo, kabla ya miezi yake kutimia, na wanawake waliokuja kumwona walimsifu kwa sauti ya huruma. Baba yake, Ombui, alifariki kabla msichana hajajua kusoma. Tangu hapo Nyanchoka, ambaye mwenyewe aliacha shule akiwa darasa la sita, alimlea kama mtu abebaye mayai kwenye njia yenye utelezi. Wakitoka kuchuma chai, msichana akiwa ametangulia na kikapu mgongoni, Nyanchoka alichota konzi ya majani kutoka kikapu hicho, kwa nyuma, na kuitia katika chake mwenyewe ili kumpunguzia mzigo. Baadaye kidogo alichota nyingine. Wakifika kituo cha kupimia chai, mizani ikionyesha uzito mdogo, Kwamboka alikunja uso.

"Mama, mbona mimi huchuma kidogo hivi?"

"Mikono yako bado inakua," Nyanchoka alimjibu, akaona ametenda wema.

Mchezo wenyewe aliufahamu. Mwanzoni aliudhania kamari, akaupeleleza kwa macho ya pembeni, hadi mchana mmoja wa mvua Kwamboka alipomvuta akae. "Njoo nikufunze, uache kunichungulia kama askari." Wimbo ulianza, na vidoti vya rangi vikawa vinashuka kwenye kioo katika mistari minne. Kidoti kikifika chini, unakigonga pamoja na mdundo. Ukiwahi ni kosa, ukichelewa ni kosa, na kosa moja linakata mnyororo wote ulioujenga. Kwamboka alimwekea kiwango cha rahisi, chenye vidoti vichache, kisha akaingia mahali pa kurekebisha na kupunguza mwendo wa vidoti hadi vikashuka polepole. Nyanchoka aligonga, akapatia, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Ona mama yangu! Utaniaibisha mjini!"

Wakimaliza, msichana alirudisha mwendo wake mwenyewe, akapanda hadi kiwango cha mwisho. Hapo Nyanchoka alishindwa kutazama. Vidoti vilianguka kama mvua ya mawe juu ya chai. Vidole vya Kwamboka vilicheza juu ya kioo bila kuonekana kugusa, na macho yake yalitoka kama ya mgonjwa. Alikuwa anajaribu wimbo mmoja tu, ule wa mashindano, usiku baada ya usiku. Kila mara mnyororo ulikatika karibu na mwisho, na msichana aliuma mdomo na kuanza upya. Alianza kulalamika kuumwa kichwa.

Alhamisi jioni, Kwamboka akiwa anaoga, Nyanchoka aliishika ile simu. Namba ya kuifungulia aliijua. Mahali pa kurekebisha pia alipajua, kwani ndipo pale pale alipopunguziwa yeye mara nyingi. Aliwaza: kama mwendo wa polepole ulinisaidia mimi, mtu wa jembe, utamsaidia zaidi yeye mwenye vidole vile. Hakuteremsha sana. Aliteremsha kiasi cha kumpa mtoto nafasi ya kupumua, akairudisha simu kwenye chaji. Kwamboka hakuufungua tena mchezo usiku huo wala asubuhi. Alitaka kupumzisha macho.

Jumamosi, Nyanchoka aliimba kanisani bila kusikia alichoimba. Jua lilipozama, Sharon, rafiki wa Kwamboka aliyeandamana naye mjini, alikuja. Aliijua nyumba hiyo, kwa hiyo alingoja Sabato itoke ndipo akabisha.

"Mama Kwamboka, sitakaa sana."

"Niambie tu, mwanangu. Ilikuwaje?"

"Simu zilikaguliwa mlangoni zikakaa kwa waandaaji. Ukiitwa, unapewa yako na wimbo unaanza hapo hapo. Hakuna kujaribu, hakuna kurudia. Aligonga vidoti vya kwanza, nikamwona anatazama kioo kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Alijikaza kidogo, kisha mnyororo ukakatika. Na hapo kila kitu kikaharibika."

"Lakini vilikuwa vinakwenda polepole! Nilimpunguzia, Sharon. Nilimpunguzia mzigo."

Sharon alimtazama, akavuta pumzi. Alitoa simu yake, akafungua wimbo ule ule. "Tazama hapa. Vidoti ni vile vile, hata upunguze mwendo. Muziki haupungui kasi. Sasa naweka polepole." Vidoti vikajaa kwenye kioo, kimoja juu ya kingine, hadi Nyanchoka hakuweza kujua kipi kiko mbele. "Sasa naweka mwendo wake Kwamboka." Vikashuka kwa kasi, lakini vimeachana, kila kimoja na nafasi yake, na hata yeye aliona kwamba hiki kinafuata kile. "Anayejua huongeza kasi ili aone. Wewe kwenye kiwango cha rahisi ulikuwa na vidoti vichache, vingejaa wapi?"

"Haki sikujua."

"Na alikuwa ameshaumaliza," Sharon alisema kwa sauti ndogo. "Wimbo wote, bila kukosa. Alhamisi mchana, kwetu. Hakukuambia kwa sababu alitaka usikie jina lake likitangazwa ukumbini. Si alikuomba uje?"

Alikuwa amemwomba. Nyanchoka alikataa kwa kuogopa kumwona akishindwa.

Jumapili alishuka Kiogoro. Drusilla alimpokea uani, nguo alizofua zikiwa bado mikononi.

"Dada, wewe! Ungeweza hata kumtafunia chakula siku ya harusi yake."

"Nicheke baadaye. Yuko wapi?"

Drusilla alielekeza kidevu kwenye chumba cha mwisho. Nyanchoka alisimama mbele ya mlango wa mbao, akaugonga kwa ncha za vidole.

"Kwamboka. Ni mimi."

Kitanda kililia ndani. Kisha nyayo zikasogea mlangoni.

"Sharon amenionyesha. Nimeona vile vinavyojaa. Nilifikiri nakusaidia."

"Ulifikiri siwezi." Sauti ilitoka karibu, kana kwamba msichana amekaa sakafuni, mgongo mlangoni.

Nyanchoka alifungua kinywa kukataa. Akakumbuka ukumbi ambao hakuingia, akakifunga. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Niliogopa kwamba huwezi."

"Watu mia wananitazama, mama. Mtu akacheka. Nikajiona vile unavyoniona wewe."

"Nisamehe."

"Sijui. Usiniharakishe."

"Utakula?"

"Mama! Hata hilo niachie."

Drusilla alikuwa amekuja nyuma yake taratibu, nguo zikiwa zimening'inia mkono mmoja. Alimgusa kiwiko na kumwonyesha kiganja. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa akiba wa chumba hicho. "Fungua, umkumbatie," alinong'ona. "Atalia kidogo, yataisha. Ni mtoto wako."

Nyanchoka aliutazama ufunguo. Mkono wake wa kulia ulikwisha kuinuka wenyewe, kama ulivyozoea. Aliushika kwa ule wa kushoto, akaushusha.

"Urudishe," alisema.

"Utaondoka hivi hivi?"

"Nitakaa hapa uani mpaka jioni. Akitaka kutoka, anajua kitasa kiko wapi."

Akachukua nusu ya nguo mkononi mwa mdogo wake, akaanza kuzianika. Kila alipogeuka kuchukua nyingine, alitazama mlango. Kivuli cha paa kiliufikia, kikaufunika wote, na jioni alipofunga leso yake kwenda kutafuta gari la kurudi Gesima, mlango ulikuwa bado umefungwa.